Uzi maalumu: Kulima mboga ndani ya nyumba kwa taa za LED (mwanga, umeme, maji, magonjwa)

#1 JaniBichi

Wakuu salaam.

Swali hili linarudi kila mara: nyumba haina uwanja, dirisha linatazama ukuta wa jirani, je, nikifunga taa za LED nitapata mboga? Utapata, ila mboga za majani na miche tu, na kwa sharti kwamba upige hesabu ya mwanga kabla ya kutoa hela. Wengi hununua taa kwa kutazama wati zilizoandikwa kwenye boksi, miche ikirefuka na kulala wanalaumu mbegu.

Mwanga wa mmea ufikirie kama mvua. Mvua ina ukali wake kwa wakati fulani, na ina jumla ya milimita kwa siku. Ukali wa mwanga hupimwa kwa maikromoli (kipimo cha wingi wa chembe za mwanga) zinazoangukia mita moja ya mraba kwa sekunde. Jua la saa sita mchana hufika kama 2,000. Jumla ya siku hupimwa kwa moli (moli moja ni maikromoli milioni moja). Kanuni ni hii: ukali × 3,600 × saa za taa, gawanya kwa milioni moja. Ukali wa 200 kwa saa 16 unakupa moli 11.5.

Mahitaji kwa siku:

Miche na mboga changa za trei (zinazokatwa zikiwa na majani mawili matatu): moli 6 hadi 12.
Saladi, chainizi, mrehani: 12 hadi 17.
Sukuma wiki ya kuchuma muda mrefu: 15 kwenda juu.
Nyanya na pilipili hoho: 20 hadi 30.

Hapo kwenye nyanya ndipo watu wengi wanapoishia njiani.

Sasa kununua. Taa nyeupe ya kawaida ya LED haina maikromoli kwenye boksi, ina lumeni (mwanga kadiri jicho la mtu linavyouona). Gawanya lumeni kwa 70 upate makadirio ya maikromoli zinazotoka kwa sekunde. Tyubu ya wati 18 ya futi nne yenye lumeni 1,800 inatoa kama 25. Chukua rafu ya sentimita 120 kwa 40, yaani mita za mraba 0.48. Tyubu nne zinatoa kama 100. Toa sehemu ya tano inayopotea pembeni, inabaki 80. Gawanya kwa 0.48, unapata ukali wa kama 167. Kwa saa 16 ni moli 9.6. Hiyo inatosha miche na mchicha wa kung'oa ungali mchanga. Ukitaka saladi ijifunge vizuri, weka tyubu sita, utafika moli 14 na kidogo.

Tyubu zikae sentimita 15 hadi 20 juu ya majani, na zipande kadiri mmea unavyopanda. Kuta za rafu zipakwe rangi nyeupe isiyong'aa, au zizungushiwe ubao mweupe. Mwanga uliokuwa unakwenda sebuleni unarudi kwenye majani bila kulipia uniti hata moja.

Kama una simu yenye kipima luksi, iweke usawa wa majani, soma, gawanya kwa 68 (ni kwa LED nyeupe, kwa jua gawanya kwa 54). Simu hazilingani, lakini zinatosha kukuonyesha kwamba kona ya rafu inapata nusu ya katikati. Zungusha trei kila baada ya siku mbili.

#2 Mtegeta

Mkuu JaniBichi shukrani sana. Niko Dar, paa la nyumba liko wazi na jua lipo bure. Kuna haja ya taa kweli?

#3 JaniBichi

Mkuu, kama una paa au kibaraza kinachopata jua kwa muda wa saa nne tu, usinunue taa ya kukuzia. Nunua neti ya kivuli ya asilimia 50. Jua letu kwa siku ya wazi hutoa moli 40 na zaidi. Ukilipunguza nusu bado unabaki na 20, ambazo kwa taa zingekugharimu hela nyingi. Taa ni kwa asiye na mwanga kabisa, au kwa kukuzia miche ya wiki mbili tatu za kwanza kabla haijatoka nje. Miche iliyopata mwanga wa kutosha tangu siku ya kuchomoza hutoka na shina fupi, nene. Ile ya dirishani imepinda shingo kufuata mwanga.

#4 FundiWaya

Naongezea upande wa umeme, maana maji na soketi vikiwa chumba kimoja si jambo la kupita haraka.

Kwanza gharama. Tyubu nne za wati 18 ni wati 72. Kwa saa 16 ni uniti 1.15 kwa siku, kama 35 kwa mwezi. Kwa mteja wa TANESCO wa T1 (matumizi ya kawaida), uniti ikiwa kama shilingi 356 pamoja na kodi, ni kama shilingi 12,300 kwa rafu moja. Aliye kwenye D1, ile ya uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, ajue rafu hiyo peke yake inakula karibu nusu ya uniti zake. Mkifunga rafu mbili bila hesabu, mnatoka kwenye bei ya chini mkishangaa luku inakwenda wapi.

Pili usalama. Saketi ya rafu ipite kwenye breka ya kukata umeme unapovuja, ya miliampia 30. Ekstensheni isilale sakafuni wala chini ya beseni la maji. Ipigiliwe ukutani juu ya usawa wa maji. Kila waya unaoshuka kwenye taa ulegezwe ufanye tumbo chini ya kiwango cha soketi kabla ya kupanda kuingia. Tone likiteleza juu ya waya litadondokea kwenye tumbo hilo, halitaingia kwenye soketi. Fremu ya chuma iungwe na waya wa ethi.

Tatu, taima. Ile ya kuzungusha ya kimakanika inasimama umeme ukikatika, kwa hiyo baada ya katakata ya wiki moja taa zinawaka usiku wa manane na kuzima mchana. Chukua ya kidijitali yenye betri ndani.

Draiva za taa (viboksi vinavyobadilisha umeme wa ukutani kuwa wa LED) ndizo zinazokufa mapema kuliko LED zenyewe, na zinauliwa na joto. Zitoe nje ya rafu kama waya unaruhusu.

#5 Pembejeo_Mwanza

Nimesoma kwamba taa za zambarau (nyekundu na bluu) ndizo za mimea, nyeupe ni za nyumba. Na je, nikiwasha saa 24 si zitakua haraka zaidi?

#6 JaniBichi

Mkuu, mmea unatumia mwanga wote kati ya nanomita 400 na 700. Nyekundu na bluu hushikwa zaidi na majani ya juu. Kijani hupenya ndani ya jani na kufika majani ya chini, kwa hiyo nacho kina kazi. Waliotengeneza taa za zambarau walifuata ukweli kwamba LED nyekundu ya nanomita 660 hutoa mwanga mwingi kwa umeme kidogo. Kwenye taa nzuri hilo ni kweli. Kwenye taa za bei rahisi rangi inabaki lakini ufanisi haupo. Na chini ya zambarau huoni jani likianza kugeuka manjano. Kila kitu kinaonekana cheusi. Kwa nyumbani nyeupe ya kelvini 4,000 hadi 5,000 inatosha.

Unapolinganisha taa usitazame maneno ya "sawa na wati 1,000". Tafuta wati zinazovutwa ukutani, na maikromoli kwa kila juli. Tyubu ya kawaida iko kwenye 1.4. Taa nzuri za kilimo ni 2.5 hadi 3. Tofauti hiyo ni ya kila mwezi kwenye luku, kwa hiyo taa ghali inaweza kujilipa. Isipojiandika namba hiyo popote, iache.

Saa 24 hapana. Nyanya inapata madoa ya manjano kwenye majani ikiwashiwa mfululizo. Na urefu wa siku ni lugha ambayo mmea unaisikia, kila mmoja kwa namna yake. Mchicha ukiona siku fupi huwahi kutoa masuke. Kwa taa za saa 16 unaendelea na majani. Spinachi ni kinyume chake: ikizidi saa 14 inapanda ua, iwekee 10 hadi 12. Giligilani nayo hukimbilia kuchanua kwa siku ndefu, hasa chumba kikiwa na joto. Sukuma wiki haijali. Yenyewe husubiri baridi ndipo ichanue. Kwa hiyo usiweke spinachi na mchicha kwenye taima moja.

#7 MamaFigiri

Habari za humu wapendwa. Naomba upande wa maji. Udongo ndani ya nyumba unaleta vinzi vidogo vyeusi, nataka njia ya maji bila pampu. Vipimo tafadhali.

#8 Mizizi

Karibu dada. Njia rahisi ni ile ya maji yaliyotulia, iliyofanyiwa kazi na B. A. Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Hakuna pampu, hakuna umeme wa ziada.

Kwenye rafu ya 120 kwa 40 yanaingia mabeseni mawili ya plastiki yenye mifuniko, kila moja 60 kwa 40 na kina cha sentimita 20. Yasipitishe mwanga kabisa. Kama yanapitisha, paka rangi nyeusi kisha nyeupe kwa nje, la sivyo maji yatakuwa ya kijani kwa mwani ndani ya siku kumi. Toboa matundu sita kwenye kila mfuniko, sentimita 20 kati ya tundu na tundu. Vikombe vyenye matundu viingie humo, na ndani yake miche iliyooteshwa kwenye sifongo au makumbi ya nazi.

Makumbi ya pwani yana chumvi. Yaoshe kwa maji matamu mara tatu nne, mpaka maji yanayotoka yasiwe na rangi ya chai.

Mbolea kwa lita 10: gramu 6 za mbolea ya haidroponiki aina ya 4-18-38 yenye madini madogo madogo, gramu 6 za kalsiamu naitreti, gramu 3 za chumvi ya Epsom. Tumia mizani ya vito, si kijiko. Beseni lina lita kama 40, kwa hiyo ni gramu 24, 24 na 12. Mfuatano ni muhimu: jaza maji yote kwanza, yeyusha mbolea ya 4-18-38, kisha chumvi ya Epsom, koroga mpaka maji yaonekane safi, ndipo umimine kalsiamu iliyoyeyushwa pembeni kwenye ndoo yake. Ukichanganya kalsiamu na hizo nyingine zikiwa nzito, utaona wingu jeupe likisambaa kama tui kwenye maji, halafu unga unatuama chini. Ule unga ni jasi na fosfeti ya kalsiamu. Mizizi haiwezi kuula tena. Mwaga, anza upya.

Kipima EC (ukolezi wa chumvi za mbolea kwenye maji) kisome 1.2 hadi 1.8. Kwenye joto la Dar kaa karibu na 1.2, maana mmea unakunywa maji mengi kuliko mbolea na chumvi inazidi kukolea. pH (kipimo cha uchachu wa maji) iwe 5.5 hadi 6.5. Siki inashusha pH kwa siku moja mbili kisha inapanda tena, kwa sababu bakteria wanaila. Asidi ya fosforiki inakaa.

Maji ya kisima yapime kabla hujatia chochote. Yakianza na EC ya 0.8 au zaidi, humo mna chumvi ambayo mmea hauitaki. Tumia ya mvua, au changanya nusu kwa nusu.

Usitumie urea. Kwenye udongo bakteria huigeuza ikawa chakula cha mmea. Kwenye beseni safi hawapo wa kutosha.

Siku ya kwanza maji yaguse chini ya kikombe, sentimita 1 tu. Yatashuka yenyewe, na mizizi iliyobaki hewani itaota manyoya meupe. Ile ndiyo inayovuta hewa. Kosa kubwa ni kuona maji yameshuka ukajaza tena mpaka juu: mizizi ya hewa inazama, na kesho yake saladi imenyauka huku imesimama kwenye maji. Ukilazimika kuongeza, usipite nusu ya beseni.

#9 MamaFigiri

Mungu akubariki mkuu. Mbegu za saladi nimesia mara mbili hazioti, chumba kina nyuzi 31.

#10 Mizizi

Hapo ndipo penyewe. Mbegu ya saladi ikikutana na joto la nyuzi 28 hadi 30 inalala. Haijafa. Itandaze juu ya tishu yenye unyevu, funga kwenye kopo, weka sehemu ya chini ya friji siku mbili, kisha toa usie. Usifukie kwa kina, mbegu nyingi za saladi zinahitaji mwanga ili kuamka. Nyunyizia vumbi jembamba tu la makumbi.

Lakini dada, nyuzi 31 mchana na usiku saladi itakuwa chungu na itapanda ua mapema. Maji yakipita nyuzi 25 hewa ndani yake inapungua, na ukungu wa kuozesha mizizi unapenda hali hiyo: mizizi inageuka kahawia, inateleza, ukiivuta ganda linatoka na kubaki uzi mweupe katikati. Kwa chumba chako panda mchicha na mrehani. Mchicha unapenda joto, mbegu zinaota siku tatu nne, na unang'oa siku ya 21 hadi 28. Kwa mchicha trei ya udongo mwepesi ndiyo rahisi: makumbi mawili kwa mboji moja, kina cha sentimita 8, mistari kila sentimita 10, changanya mbegu na mchanga mkavu ili usijaze.

#11 Kaskazini60

Nawasalimu kutoka Sweden. Huku Desemba Stockholm inapata mchana wa saa sita hivi, na jua lenyewe liko chini, kwa hiyo mchicha na sukuma ni kwa taa au hakuna.

Hesabu ya huku inatofautiana kwa mambo mawili. Wakati wa baridi, wati zote zinazoingia kwenye taa zinaishia kuwa joto chumbani, na joto hilo ungelilipia kwenye hita vilevile. Kwa hiyo gharama halisi ni ndogo kuliko inavyosomeka. Lakini hewa ya ndani ni kavu sana. Trei changa zinakauka juu huku chini zimeloa. Mwagilia kwa chini: weka maji kwenye trei ya nje, acha dakika 20, mwaga yanayobaki. Hiyo ndiyo dawa ya vinzi vyeusi vya MamaFigiri pia, maana vinataga kwenye udongo wa juu ulioloa. Karatasi za manjano zenye gundi zinakamata vilivyokomaa, na juu ya udongo wacha pakauke.

Usiweke trei ya mchicha kwenye ubao wa dirisha usiku wa baridi. Kioo kinashusha joto la udongo na mbegu zinaozea humo.

#12 Pembejeo_Mwanza

Wakuu, miche yangu inaanguka siku ya tano. Shina usawa wa udongo limesinyaa, juu bado kijani.

#13 JaniBichi

Hiyo ni kinyausi. Ukiinama uone kwa karibu, pale chini shina limekuwa jembamba kama uzi uliolowa, rangi ya maji. Aliyeanguka hafufuki. Sababu ni tatu zikikutana: udongo uliolowa muda wote, hewa iliyosimama, na trei chafu. Trei zioshe kwa jiki, sehemu moja kwa sita za maji, dakika 10, suuza. Mboji mbichi usiitumie kwenye miche. Na weka feni ndogo inayotikisa majani kidogo tu, masaa yote taa zinapowaka.

Feni hiyohiyo inatibu tatizo la pili ambalo watu hulitibu kwa mbolea bure: kingo za majani machanga ya katikati ya saladi kuungua na kuwa kahawia, wakati majani ya nje ni mazima. Ni ukosefu wa kalsiamu kwenye lile jani, si kwenye maji. Kalsiamu husafiri na maji yanayopanda kwenda kutoka kama mvuke, na jani lililojificha katikati halitoi mvuke, kwa hiyo halipelekewi. Ongeza upepo, shusha moli zisizidi 17, shusha EC. Ukiongeza mbolea unazidisha.

#14 KiloKwaKilo

Nikiweka godown la rafu hizi nauza mahindi mabichi, mpunga, hata ngano, si biashara?

#15 JaniBichi

Mkuu tupige hesabu, maana hapa watu wanapoteza mitaji. Tuseme taa nzuri ya maikromoli 2.5 kwa juli. Uniti moja ya umeme inatoa moli 9. Mmea kwa ukarimu unatengeneza gramu 1 ya mali kavu kwa kila moli. Kilo moja ya punje za mahindi ina shina na majani yake kilo nyingine, jumla gramu 2,000, kwa hiyo moli 2,000, kwa hiyo uniti 222. Kwa shilingi 356 ni kama shilingi 79,000 za taa peke yake kwa kilo moja ya mahindi.

Saladi ni nyingine kwa sababu zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji, na unauza jani karibu lote. Kwa taa nzuri ni kama uniti 8 hadi 10 kwa kilo. Hata hivyo hiyo bado ni karibu shilingi 3,000 au zaidi kwa kilo kabla ya mbegu, mbolea, kodi ya chumba na feni, na mshindani wako ni bustani ya Lushoto inayotumia jua. Kampuni kubwa za Marekani zilizolima majani ndani kwa taa, AeroFarms iliomba ulinzi wa mufilisi 2023, Bowery Farming ikafunga 2024, na zilikuwa na mitaji mikubwa. Umeme na mishahara havikuzisamehe.

Penye nafasi ni mboga changa za trei kwa hoteli, kwa sababu zinakaa siku 7 hadi 14 tu na zinauzwa kwa gramu.

#16 Mizizi

Kwa hizo, trei ya sentimita 25 kwa 50: figili gramu 30, siku 7 hadi 10. Mchicha mwekundu gramu 8 hadi 10, siku 12 hadi 16. Alizeti gramu 100 zilizolowekwa saa 8 hadi 12, siku 10 hadi 12. Figili na alizeti zifunike gizani siku tatu, alizeti uikandamize kwa tofali ili ganda lidondoke.

Mbegu za dukani zenye rangi ya waridi, bluu au kijani zimepakwa dawa ya ukungu. Hizo ni za shambani. Usizioteshe kama mboga changa za kula, hata ukiziosha. Nunua zisizotiwa dawa. Na machipukizi ya maharage mekundu yasiliwe mabichi, yana sumu inayoondoka kwa kuchemshwa vizuri tu.

#17 MtuWaThika

Na yule anayesisitiza nyanya? Nina taa ya wati 200 ya 2.7, tent ya mita 1 kwa 1.

#18 JaniBichi

Hiyo inafika, kaka. 200 × 2.7 ni 540, toa sehemu ya saba, inabaki kama 460 kwa mita. Saa 14 ni moli 23. Weka aina fupi za nyanya ndogo, mimea miwili au mitatu isizidi. Ndani hakuna upepo wala nyuki, kwa hiyo maua yakifunguka tikisa kila kishada sekunde tatu, mchana, kila siku. Mswaki wa umeme ukigusishwa kwenye kikonyo unafanya kazi nzuri zaidi. Unyevu wa hewa ukae asilimia 60 hadi 70: ukizidi poleni inashikana, ukipungua haigandi kwenye ua. Usiku wa Thika unapoa vizuri, hiyo ni faida yako. Chumba kikibaki juu ya nyuzi 30 maua yanadondoka hata ukitikisa. EC panda taratibu mpaka 2.5 matunda yakianza.

Uniti ni 2.8 kwa siku, 84 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya tokeni zako kabla hujasia mbegu.